Chembe za Fedha Ndani ya Kioo

Sakina, mama,

Amani ikukute hapo ulipo, maana hapa kwangu leo haipo. Umetoka asubuhi kwenda Kanyosha kumuaga nyogokuru wako, bibi yako mzaa mama, ukasema utakula nasi mchana. Chakula kimepoa. Mama yako amekifunika, amekifunua, amekifunika tena. Tangu adhuhuri bunduki zinasikika upande wa milimani, juu ya Kanyosha, na kila anayepita hapa Buyenzi ana habari yake. Mmoja anasema ni askari wanajaribu silaha, mwingine anasema waasi wameshuka. Nimekwenda mpaka kituo cha taksi nije kukuchukua, na madereva wote wamekataa kwenda kusini. Mmoja hata hakunijibu, alipandisha kioo tu.

Basi nimerudi kwenye karakana yangu, nikasukuma pembeni fremu na koleo, nikashika kalamu. Barua hii nitakupa kesho uwanja wa ndege. Nasema kesho, nikijua kwamba kesho si yangu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za kutotembea peke yako. Mama yako ameyasema yote mpaka wewe mwenyewe umeanza kumalizia maneno yake. Nataka kukusimulia habari ya miwani. Unaijua nusu. Ulikuwa mdogo, na siku yenyewe ulikuwa na homa, na nusu iliyobaki tuliizungumza mimi na mama yako ukiwa umelala.

Unajua kwamba kazi ya miwani nilifundishwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka mjini. Vita vilipoanza alifunga duka. Siku ya kuondoka aliniita, akaniachia mashine ya kusagia vioo, na juu yake akaweka kiboksi kidogo kilichofungwa kwa uzi.

"Ramadhani," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "hii angalia vizuri. Ndani ya kioo iko chembe ya fedha, ndogo sana, huwezi kuona. Jua ikipiga, kioo inakuwa nyeusi. Ukiingia ndani, inarudi nyeupe."

Nilidhani ananitania ili asilie. Nilipofika nyumbani nilitoa kioo kimoja nikakiweka juani, juu ya ukuta wa uani. Kikaanza kuingia moshi. Ndivyo kilivyoonekana, kama moshi unaingia ndani ya kioo kutoka mahali nisipopaona. Nikakipeleka chumbani, moshi ukatoka polepole. Mama yako alisema, "Hiyo si kitu ya kuchezea." Mimi nikacheka. Macho yangu yalikuwa yanauma sana juani wakati ule, na kuona mbali siwezi tangu utotoni, basi nikajitengenezea miwani ya vioo hivyo. Nilijiona bwana. Majirani walikuwa wakiniita, "Baba Sakina, ingia mu kivuli tuone!" nami nikaingia, wakaona.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, mwanangu. Kufurahia kutazamwa, katika mji ambao ulikuwa umeanza kuwatazama watu kwa ajili nyingine kabisa.

Siku uliyopata homa kali, tulikupeleka hospitali kule Kamenge. Mama yako alibaki na mgonjwa mwingine, bibi yako mzaa baba, hapa nyumbani. Tulikwenda mimi na wewe katika taksi ya Deo, rafiki yangu, yule mrefu aliyekuwa akikupa karanga. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi tukakuta mawe barabarani, na vijana. Asubuhi hayakuwapo. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu, mwili wako unawaka kama pasi.

Deo alisema taratibu, bila kugeuza kichwa, "Usiseme sana, Rama. Jibu tu."

Kijana mmoja alikuja dirishani. Sitamsahau. Alikuwa na shati la shule, lile jeupe, limechakaa kwenye kola, na mkononi ameshika gruneti kama mtu anavyoshika chungwa. Alitutazama mmoja mmoja, nyuso, pua, vidole, akitafuta kabila. Unajua walivyokuwa wakitazama. Akasema, "Muzee, toka mu gari. Na mutoto."

Nilitoka nimekubeba. Ndani ya gari miwani yangu ilikuwa nyeupe, maana kioo cha mbele cha gari kinazuia kile kinachoamsha zile chembe. Mimi nililijua hilo, wao hawakulijua. Nilisimama juani mbele yao, saa ya jua kali, na miwani ikaanza kugeuka.

Mmoja akapiga kelele. "Macho yake! Angalia, macho yake iko nageuka!"

Wakarudi nyuma wote kwa pamoja, na panga zikainuka. Yule wa shati la shule peke yake hakurudi nyuma, lakini niliona kidole chake kimeingia kwenye pete ya gruneti. Akaniuliza, "We ni nani?"

"Mi ni Muswahili wa Buyenzi. Ni fundi miwani."

"Apana. Mutu wa kawaida hana macho ya namna hiyo. We ni mulozi? Ao ni bajeshi bamekutuma?"

Nikaanza kueleza. Sakina, hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukweli unaweza kukuua kama uongo. Nikasema ndani yake kuna chembe za fedha. Wakasikia fedha. Mmoja akasema, "Iko na feza mu miwani! Ivunje!" Nikasema si fedha ya kununulia, ni chembe ndogo zisizoonekana. Wakasikia zisizoonekana, na yule wa kwanza akapiga kelele tena, kwamba ni uchawi. Kila neno nililoongeza lilinisogeza karibu na panga. Nikanyamaza. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu, kwamba wakinipiga nitaanguka juu yako.

Wewe ukaamka. Hukulia. Ulitapika, mama, ukamtapikia yule kijana kwenye viatu.

Aliangalia viatu vyake, akakuangalia wewe. "Ana malaria?" akauliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya mtoto wa mtu.

"Ndiyo. Tunatoka hospitali."

"Muweke mu kivuli." Akatuonyesha ukuta. Halafu akanyoosha mkono. "Leta hiyo miwani."

Nikampa. Toka hapo nilikuwa sioni tena nyuso, naona rangi tu. Nilimwambia, kwa maneno machache sana, "Funika upande mmoja na mukono. Upande mwingine uache mu jua. Ngojea."

Akafunika. Tukangojea wote, wauaji na sisi, kama watu wanaongojea chai ichemke. Alipoondoa mkono wake nilisikia wakivuta pumzi. Kioo kimoja kilikuwa kimepauka, cha pili cheusi.

"Inajua namna gani kama jua iko?" akauliza.

"Haijui kitu. Mwangaza unazigusa zile chembe, zinabadilika. Mwangaza ukiondoka, zinarudi vile zilikuwa."

"Zote zinarudi?"

"Zote."

Akafunika kioo cha pili, akafunua, akafunika. Kisha akasema kwamba kabla ya shule kufungwa yeye alikuwa darasa la sayansi, na kwamba mwalimu wao hakuwahi kuwaonyesha kitu kama hiki. Wenzake walitaka nao washike, akawakatalia. Alivaa miwani yangu, ikampa kizunguzungu, maana ni kali, akashika ukuta, wenzake wakacheka. Nilijua kicheko kile kinaweza kugeuka. Yeye pia alijua. Akaniinamia sikioni. "Chukua mutoto, mwende. Kabla bakubwa betu hawajarudi. Miwani inabaki."

Deo aliendesha mpaka tulipofika Buyenzi. Hapo akasimamisha gari, akashuka, akakaa chini kando ya tairi. Wiki iliyofuata alihamia Uvira na watu wake, na sijamwona tena.

Mpaka hapo unaijua, au kidogo. Wewe ulikuwa ukiwasimulia wenzako kwamba ulimtapikia mtu wa gruneti akatuachia. Hii inayofuata huijui.

Hazikupita siku nyingi. Nilikuwa nimekwenda sokoni, nipo na miwani ya zamani iliyopasuka, natembea kwa kupapasa. Kurudi nikasikia kilio nyumbani kwangu. Wanawake wamejaa uani, mama yako amekaa chini kichwa wazi, shangazi yako anamshika. Nikadhani ni wewe. Halafu mwanamke mmoja akaniona, akapiga ukelele na kukimbilia jikoni.

Ulikuwa msiba wangu. Mtu alikuwa ameona maiti kando ya mto Ntahangwa, uso umeharibika, amevaa miwani inayokuwa nyeusi. Mji mzima ulijua mwenye miwani hiyo ni mmoja.

Mama yako aliponishika alinipiga. Alinipiga ngumi kifuani, mara nyingi, anasema, "Nilisema si kitu ya kuchezea, nilisema, nilisema." Ngumi zile mpaka leo hatujawahi kuzizungumza.

Mimi nikaenda mtoni. Walinikataza, nikaenda. Alikuwa ni yule kijana, na lile shati. Jua lilikuwa linampiga, na miwani ilikuwa nyeusi kwa jua hilo, inafanya kazi yake. Nikapiga magoti, kivuli changu kikamwangukia usoni. Na nilipokuwa pale sijui la kusoma, maana sikujua dini yake wala jina lake, vioo vikaanza kupauka. Polepole. Chini yake macho yalikuwa wazi.

Nilikimbia, mwanangu. Sikumfunga macho. Sikuichukua miwani. Watu wengine walimzika, namuomba Mungu awalipe.

Toka siku hiyo nikawa mtu mwingine. Kiboksi cha Mgiriki nilikitumbukiza kwenye choo cha shimo. Nilikukataza kwenda shule ng'ambo ya mtaa, nikakutafutia ya hapahapa iliyokuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa matatu. Ukipiga chafya nilikuwa nafunga madirisha. Nilidhani hivyo ndivyo baba anavyolinda. Wewe uliniona mkali, lakini mkali ana nguvu. Mimi nilikuwa naogopa tu, na woga ukikaa nyumbani muda mrefu unajiita desturi.

Kumbe vioo viwili ulikuwa umeviiba kabla sijavitupa.

Unakumbuka nilivyokukuta. Ulikuwa umekaa kwa mama muuza samaki, umeweka kioo kimoja kwenye barafu ya wale samaki wake wa mikeke na kingine juu ya bati la moto, unavitoa juani vyote kwa pamoja. Ukaniita kwa furaha, hukujua. "Baba, njoo uone! Cha baridi kinakuwa cheusi zaidi, na kinachelewa kurudi!" Nami nikakupiga kofi mbele ya watu. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na hukuuliza kwa nini. Ulivikusanya vioo vyako na harufu yake ya samaki, ukaondoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo ulikuwa ukinisalimu bila kuniangalia.

Nimetafuta namna ya kukueleza kofi lile kwa miaka yote hii. Maelezo ni macho ya yule kijana. Sikuona kioo mkononi mwako, niliona macho. Lakini wewe ulikuwa mtoto uliyegundua kitu, na siku yako ya kwanza ya kugundua kitu, baba yako akakupiga. Hilo halina maelezo.

Aliyenifungua ni mwalimu wako wa kemia, Madamu Esperansi. Alikuja hapa kwa miguu, siku ya ville morte, mji mzima umefungwa kwa mgomo, wakati hata mbwa hawakutoka. Mama yako alimpa maji. Akasema, "Baba Sakina, nasikia unataka kumutoa mutoto mu sayansi umupeleke kushona." Nikasema ndiyo, kushona hakuui mtu. Akasema, "Mume wangu alikuwa anashona." Akanywa maji yake, akaaga. Asubuhi yake nilikupeleka shuleni mwenyewe.

Nami nilifurahi kukupeleka, usidhani sikufurahi. Lakini sikuacha kuogopa. Mwezi uliopita uliponieleza unachokwenda kusoma, ulichora kwenye karatasi ya sukari. Ukasema chembe za Mgiriki zinaitika mwangaza tu, lakini kuna watu wanatengeneza nyingine, ndogo hivyohivyo, zinazobeba dawa. Zinatembea katika damu zimefunga mdomo. Zikifika penye uvimbe wa saratani, mahali palipo na uchachu kuliko penginepo, au palipopashwa joto, zinafungua mdomo na dawa inatoka hapo tu, isiviunguze viungo vingine. Nilikumbuka shangazi yako, jinsi dawa zilivyomnyoa nywele na kumtoa kucha kabla ugonjwa wenyewe haujamgusa. Nikaelewa kwa nini unaenda.

Nikakuuliza, "Na nani anazifundisha?"

"Hazifundishwi, Baba. Zinatengenezwa hivyo."

"Na zikikosea mahali?"

Ukageuza karatasi huku na huku. "Ndiyo maana naenda," ukasema.

Nilikuonea fahari, na usingizi haukuja. Maana nilifikiri pia: kinachoweza kubeba dawa kimefunga mdomo kinaweza kubeba sumu vilevile. Kuna mtu mahali fulani anayeliwaza hilo, kama sisi tulivyokuwa na watu waliowaza mambo ya kutenda kwa panga za kulimia. Sikukuambia. Nilijiambia ni woga wangu wa kawaida. Leo nakuambia, si ili uache. Ukae ukijua kwamba siku utakapotengeneza kitu kizuri, uangalie nani anakishika baada yako.

Naogopa na mengine, madogo. Naogopa utazoea kule. Naogopa utaulizwa "we ni nani" na watu wapole wasio na panga, wakitaka uchague upande mmoja, wa baba au wa mama, wakuelewe haraka. Mimi pale kwenye mawe nilijibu Muswahili wa Buyenzi, nikaliacha lile la Kanyosha, la watu wa mama yako, limejificha nyuma ya meno. Iliniokoa. Lakini nilivyofika nyumbani nilishindwa kumtazama. Wewe jibu unavyotaka, hata usijibu. Usifiche tu mpaka ushindwe kumtazama mtu nyumbani.

Na yule kijana. Nimemfikiria kuliko nilivyomfikiria ndugu yangu yeyote. Aliniuliza, zote zinarudi? Nikamwambia zote. Nilikuwa nazungumza juu ya kioo. Sijui yeye alikuwa anauliza juu ya nini, na sikumpa muda wa kuniambia. Mtu akikuuliza swali namna hiyo, mama, hata kama ana kitu cha kuua mkononi, kaa naye kidogo ikiwa unaweza. Mimi sikuweza, nilikuwa na wewe mikononi. Nisingefanya vingine. Bado inaniuma.

Bunduki zimenyamaza. Sijui kama ni vizuri. Mama yako amekuja mlangoni mara mbili, mara ya pili akauliza, "Unaandika nini muda wote huo?" Nikasema namwandikia Sakina. Akasema, "Mwandikie arudi." Akaenda tena getini. Magharibi imeadhiniwa, nimeisali hapahapa, na nilipofika kwenye dua sikuomba maneno yoyote, nilitaja jina lako tu. Kuvre-fe, saa ya kutotoka nje, inakaribia. Baada ya hapo anayekutwa barabarani anapigwa risasi, na wewe unaweza kuwa mkaidi, unaweza kusema utajaribu. Usijaribu. Lala kwa nyogokuru. Hata ndege ikikuacha, iache ikuache, tutatafuta nyingine, na isipopatikana utabaki, na mimi nitafurahi na nitaona aibu ya furaha hiyo maisha yangu yote.

Ngoja.

Ni geti.

Nimerudi kuandika. Umekuja juu ya baiskeli ya kijana wa maziwa, kwa njia ya ziwani, umebeba kikapu cha nyogokuru na mavumbi mpaka kwenye kope. Mama yako amekukumbatia mpaka ukasema anakuumiza. Mimi nilitaka kusema kila kitu kilichoandikwa humu. Nikasema, "Mbona umechafua viatu vya safari?" Nawe ukacheka, ukaanza kutueleza habari za Kanyosha, na nyogokuru alivyokataa kukuachia mkono, na sasa nakusikia uani unamwagiwa maji miguuni na unaendelea kueleza.

Chakula kinapashwa moto. Wananiita. Nakuja, mama.

Baba yako,
Ramadhani